Jezi ya Baiskeli Huvaliwa na Mtu Aliyeinama

Mwezi uliopita nahodha wa klabu moja ya Jinja alinitumia mchoro wa jezi walioubuni wenyewe. Ulipendeza: bluu iliyoiva, mawimbi ya mto yakipanda kifuani, jina la klabu tumboni kwa herufi nene, nembo ya mdhamini chini yake, na mgongo mtupu. Nikamwomba kitu kimoja. Mwenzake apande baiskeli, ashike usukani chini kama yuko safarini, apigwe picha kutoka mbele, ubavuni na nyuma. Picha zikaja jioni hiyohiyo na ujumbe mfupi: "Fundi, tumbo halionekani kabisa."

Ni kweli, halionekani. Mtu akishika usukani, tumbo hujificha na kitambaa cha mbele hujikunja. Kinachobaki wazi ni mgongo, mabega na mikono. Klabu nyingi zinazokuja kwenye karakana yangu hapa Kampala huja na picha ya jezi iliyotandazwa, kama ya mpira wa miguu. Mchezaji mpira husimama wima, mwendesha baiskeli huinama saa nne mfululizo. Ukilielewa hilo kabla ya kuchagua rangi, umeokoa nusu ya makosa ninayoyaona kila mwaka.

Mimi nililijua utotoni kabla sijashika mkasi. Nilikulia Busia, upande wa Uganda, na baba alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli kati ya kituo chetu cha mpaka na kile cha Kenya, kazi iliyozaa jina la boda boda. Mashati yake yote yalichanika mahali pamoja, kati ya mabega, na mama alitia kiraka juu ya kiraka hapohapo. Ukinyoosha mikono mbele, mgongo hudai kitambaa zaidi na kifua hubaki na ziada. Ndiyo maana jezi nzuri ya baiskeli hukatwa fupi mbele na ndefu nyuma, na mikono yake huelekezwa mbele. Ukiivaa umesimama mbele ya kioo utaiona imekosewa: inabana mabegani, mbele imepanda. Kaa kwenye baiskeli kwanza, ndipo useme.

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo pesa hupotea. Mwaka mmoja nilikubali orodha ya saizi iliyokusanywa kwenye kikundi cha WhatsApp bila kupima mtu hata mmoja. Jezi 32, tisa zikarudi. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo sikati kitambaa kabla ya kuona vipimo. Watu wetu wengi wanajua saizi zao kutokana na mitumba ya soko la Owino hapa Kampala, nguo zilizoshonwa pana kwa ajili ya kuvaa mitaani. L ya mtumba, L ya kiwanda cha Italia na L ya kiwanda cha China si ndugu. Saizi ni herufi tu, kinachosema kweli ni sentimita.

Pima kifua pale palipo panene zaidi, utepe ukipita chini ya kwapa. Pima kiuno, nyonga na urefu wa mtu. Kama mwanachama ana jezi ya baiskeli inayomkaa vizuri, ilazwe mezani, ipimwe kutoka kwapa hadi kwapa, na hicho kipimo kizidishwe mara mbili. Njia ninayoipenda zaidi ni mfuko wa sampuli: huwapa klabu jezi saba, kutoka ndogo kabisa hadi 3XL, wakae nazo wikiendi nzima. Kila mtu avae, apande baiskeli, ainame. Zipu ifunge bila kuvutwa. Mabega yasiwe na mikunjo. Nyuma ifunike kiuno hata mikono ikiwa mbele kabisa.

Na kila mtu apimwe kwa mwili alio nao leo. Nimesikia mara nyingi, "Niandikie M, nitapungua kabla ya Desemba." Mwandikie L. Akipungua, jezi itamlegea kidogo na ataendelea kuivaa, lakini ikimbana zipu itakatika na jezi itabaki kabatini. Akina dada nao wasipewe saizi ndogo ya kiume. Mabega yao mara nyingi ni membamba na nyonga pana, kwa hiyo jezi ya kiume hulegea juu na kupanda chini. Ukatwe mkato wa kike, hata kama dada walio klabuni ni watatu tu.

Sasa turudi mgongoni. Kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja, mtu anayekutazama kwa muda mrefu kuliko wote ni dereva aliye nyuma yako. Huyo ndiye msomaji wa jezi yako, na huyo ndiye unayetaka akuone mapema. Ukipita msitu wa Mabira au mashamba ya miwa ya Lugazi, jezi ya kijani kibichi hukumeza ndani ya majani. Kwenye barabara za murram, yaani za udongo mwekundu, nyekundu na kahawia hupotea ndani ya vumbi. Mimi husihi klabu ziweke rangi moja inayowaka mabegani na sehemu ya juu ya mgongo, hata kama rangi zao rasmi ni za giza. Zile rangi za kung'aa kama za makoti ya askari wa barabarani hufanya kazi mchana tu, kwa sababu hugeuza miale ya jua tusiyoiona kuwa mwanga tunaouona. Jua likizama hazina msaada, unahitaji utepe wa kuakisi taa za gari, na huo hubandikwa peke yake baada ya uchapaji. Wale wanaotoka saa kumi na moja alfajiri wasiuache.

Wadhamini husumbuka kidogo hapa, kwa sababu kila mmoja anataka kifua. Kifua kina faida yake, huonekana kwenye picha za mwisho wa mbio, mkono ukiwa juu. Lakini barabarani nembo husomwa kati ya mabega na juu ya mifuko ya nyuma. Muuza vifaa vya ujenzi mmoja alishikilia namba yake ya simu ikae tumboni. Nikamwonyesha picha ya mwendeshaji aliyeinama, akaitazama, akasema, "Ihamishie nyuma." Maandishi yanayopita kwenye zipu yapangwe ili zipu ipite kati ya herufi, isikate herufi yenyewe. Na usiweke neno la maana chini kabisa ya mifuko, maana mifuko ikijaa kitambaa huvutika na maandishi hupinda.

Mifuko hujaa kweli. Klabu zetu hubeba ndizi, tyubu, pampu, simu, na wengine rolex mbili, yaani chapati zilizoviringishiwa mayai, za kula Lugazi. Mifuko mitatu ya nyuma ndiyo desturi, nami huongeza wa nne wenye zipu kwa ajili ya simu na funguo. Kitambaa cha mifuko kiwe kigumu kuliko cha mwili, na pindo la chini liwe na mpira wenye chembechembe za silikoni ili jezi isishuke ikilemewa. Ukiletewa sampuli, itie mzigo wako wa kawaida uzunguke nayo. Jezi tupu haikwambii lolote.

Kuhusu uchapaji, huu tunaoutumia tunauita sublimesheni. Mchoro huchapwa kwanza kwenye karatasi, ukiwa umegeuzwa kama kwenye kioo. Karatasi hulazwa juu ya kitambaa cha poliesta na kubanwa kwenye mashine yenye joto la karibu nyuzijoto 200, kwa muda usiozidi dakika moja hivi. Wino uliokauka hugeuka gesi bila kupitia hali ya majimaji, huingia ndani ya nyuzi za poliesta zilizolegezwa na joto, na kitambaa kikipoa hunaswa humo. Ndiyo sababu mchoro haubanduki wala hauna tabaka la plastiki juu yake, ngozi inapumua.

Kutokana na hapo mambo mengi yanajieleza. Wino huu hauna rangi nyeupe, nyeupe ni kitambaa chenyewe, kwa hiyo tunaanza na kitambaa cheupe. Nyeusi iliyochapwa kwenye kitambaa kinachovutika sana ikinyooshwa huonyesha weupe kwa ndani, hivyo kwenye mbavu mimi hutumia kitambaa kilichotiwa rangi nyeusi tangu kiwandani. Vipande vichapwe kabla ya kushonwa. Ukiona mtu anachapa fulana iliyokwisha kushonwa, utakuta mistari myeupe kwapani ambako joto halikufika. Na pamba haikubali. Najua inauma, Uganda ni nchi ya pamba na kiwanda cha nguo cha Nytil kiko Njeru, ng'ambo tu ya mto kutoka Jinja, lakini wino huu hunata kwenye poliesta, na pamba ikilowa jasho hukaa imelowa. Mtu anayeshuka mlima huko Kabale asubuhi akiwa na pamba iliyolowa mgongoni atatetemeka hadi chini.

Uzito wa kitambaa cha mwili uwe karibu gramu 130 hadi 150 kwa mita ya mraba. Kuna vitambaa vyepesi zaidi vinavyovutia mkononi, lakini kinyanyue uelekeze juani. Ukiona vidole vyako vizuri, jua nalo litauona mgongo wako, na sisi tunapanda baiskeli hadi kwenye mstari wa ikweta pale Kayabwe.

Rangi ya kwenye simu si rangi ya kitambaa. Simu huchanganya mwanga, mashine huchanganya wino, na baadhi ya rangi za mwanga, hasa zile zinazowaka, wino wa kawaida wa rangi nne hauwezi kuzifikia, ni lazima wino wa pekee. Njoo uchague kutoka kwenye kitambaa kilichokwisha kuchapwa. Mimi nina kitabu cha viraka vya rangi, kila kiraka na namba yake, na tunaandika namba kwenye fomu ya oda. "Bluu kama ile ya mwaka jana" haitoshi.

Kwa wanaotaka bendera kwenye mkono wa jezi: angalieni korongo. Katika bendera yetu anatazama upande wa mlingoti, na kwa kuwa tunachapa kwa kugeuza, mchoraji asiye makini huweza kumwacha akitazama kinyume. Nembo ya taifa sichapi bila barua ya ruhusa. Baada ya mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ya Kigali ya Septemba 2025, yale ya kwanza kufanyika Afrika, nilipata pia maombi ya ile mistari mitano: bluu, nyekundu, nyeusi, njano na kijani. Naelewa hamu hiyo, mimi mwenyewe nilifuatilia mbio zile kwa moyo wote. Lakini hiyo ni mistari ya bingwa wa dunia, na pale Kigali upande wa wanaume aliishinda Tadej Pogačar. Anayeitaka aifuate barabarani.

Nembo za wadhamini zije kama faili la vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kupoteza ukali (PDF, AI au SVG), na herufi ziwe zimegeuzwa kuwa maumbo ili zisibadilike kwenye kompyuta nyingine. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha hubanwa na kupoteza ukali, itume kama hati.

Kushona hapa au kuagiza nje? Jezi zinashonwa vizuri hapa ukipata fundi mwenye mashine ya mshono bapa, ule usiochubua ngozi. Karatasi za kuchapa na mafundi wa wino wamejaa Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala. Kaptura zenye pedi ni jambo jingine. Pedi mbovu huumiza mtu, na kwa kaptura mimi mwenyewe huwashauri wateja waagize kwa watengenezaji waliobobea. Ukiagiza nje, bei unayoiona si ya mwisho: kuna usafiri, ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 18. Muulize wakala wa forodha kabla ya kuwatangazia wanachama bei.

Fedha zikusanywe kabla orodha haijafungwa. Jina lisilolipa lisiingie, la sivyo mama mweka hazina ndiye atakayelibeba deni hilo. Mchoro uwe na mwamuzi mmoja au wawili, kikundi kizima kitoe maoni mara moja tu. Agizeni jezi mbili tatu za ziada kwa saizi zinazovaliwa na wengi, maana kuongeza jezi moja baadaye ni ghali na kundi jipya la kitambaa linaweza kupokea rangi tofauti kidogo.

Boksi likifika, lisifunguliwe kwenye mkusanyiko wa Jumapili. Watu wawili wakae na orodha, wahesabu, wapandishe na kushusha kila zipu, wavute mishono ya mabega, waangalie kama mchoro wa kushoto na wa kulia unakutana kwenye zipu. Kisha kila mwanachama aambiwe: maji baridi, bila jiki, bila dawa ya kulainisha nguo, ianikwe kivulini. Pasi ya mkaa isiiguse, joto likizidi wino huweza kuamka tena na kuhamia kwenye nguo nyingine.

Nahodha wa Jinja ameshaleta mchoro wa pili. Jina limehamia kati ya mabega kwa nyeupe, mawimbi yamesogezwa mbavuni, na mabega yamekuwa ya njano inayowaka. Bado nasubiri vipimo vya watu wanne walio safarini. Orodha yao inafungwa Ijumaa.