Ghala la Mabomu Likishafungwa: Dhana Potofu Kuhusu Udongo na Maji Yake

Wakazi wa Mbagala (Aprili 29, 2009) na Gongo la Mboto (Februari 16, 2011) wanajua ghala la silaha linavyoua likilipuka. Ghala lililofungwa lina hatari ya aina nyingine, iliyomo kwenye udongo na visima. Tutumie mfano wa ghala la jeshi la Umatilla, jimbo la Oregon, Marekani.

Dhana: Mabomu yakishahamishwa, eneo ni salama.

Umatilla ilikuwa na maghala 1,001 ya zege yaliyofunikwa kwa udongo, lakini TNT na RDX (aina mbili za vilipuzi vya mabomu) zilizochafua ardhi zilitoka kwenye karakana. Humo, kuanzia miaka ya 1950 hadi 1965, vilipuzi vilitolewa ndani ya mabomu ya zamani kwa maji ya moto, na maji hayo, takriban lita milioni 320, yakamwagwa kwenye mabwawa mawili yasiyosakafiwa. Anayekagua ghala la zamani aulize kwanza mahali mabomu yalipooshwa, yalipochomwa na yalipolipuliwa.

Dhana: Sampuli moja ya udongo inatosha.

TNT hukaa kwa mabonge na chembe. Sampuli moja inaweza kuonyesha pasafi ilhali hatua moja pembeni pamejaa. Chukua vijisehemu 30 au zaidi kwa mpangilio katika eneo lote, uvichanganye kuwa sampuli moja. Kuna pia kipimo cha haraka: udongo huloweshwa kwenye asetoni, kimiminika kikachujwa na kutiwa dawa ya alkali, kikigeuka chekundu, TNT ipo.

Dhana: Udongo wenyewe hauwezi kulipuka.

Unaweza. Jeshi la Marekani huuhesabu udongo wenye vilipuzi zaidi ya 10% ya uzito wake kuwa hatari ya mlipuko. Kabla ya kuleta katapila, pima, lowesha, kisha changanya na udongo safi hadi kiwango kishuke.

Dhana: Udongo wenye TNT dawa yake ni kuchomwa kwenye tanuri tu.

Hapa ndipo Umatilla inapofundisha zaidi. Udongo uligeuzwa mboji kwa mchanganyiko huu: udongo mchafu 30%, samadi ya ng'ombe 21%, alfalfa (majani ya kulisha mifugo) 18%, vumbi la mbao 18%, viazi 10%, samadi ya kuku 3%. Katika jaribio la siku 40 mwaka 1992, TNT ilipungua kwa 99.7%, RDX kwa 99.8% na HMX, kilipuzi kingine, kwa 96.8%. Lengo la usafishaji lilikuwa miligramu 30 kwa kilo kwa TNT, na vivyo hivyo kwa RDX.

Kazi hufanywa na bakteria, nao wanataka chakula, unyevu na joto la kama nyuzi 55. Tuta la mboji likikauka, wanalala. Likilowa kupita kiasi, hewa hukosekana na harufu mbaya hutoka. Joto likishuka mapema, angalia unyevu kwanza, kisha chakula. Mabonge ya udongo wa mfinyanzi yavunjwe kabla ya kuchanganya, kwa sababu TNT iliyo katikati ya bonge haiguswi, na kipimo cha mwisho kitakataa tuta zima.

Dhana: Maji yasiyo na rangi ni salama, na yenye shaka yachemshwe.

Maji yenye TNT hugeuka ya waridi au mekundu yakipigwa jua. RDX haina rangi, na kwa kuwa haishikwi sana na udongo, ndiyo inayofika kisimani. Mamlaka ya mazingira ya Marekani inashauri kila moja isizidi mikrogramu 2 kwa lita. Ulimi hautambui kiasi hicho. Kuchemsha hupunguza maji na kuiacha RDX palepale, hivyo huzidi kukolea.

Kuanzia 1997 maji ya chini ya ardhi ya Umatilla yalivutwa kwa pampu na kupitishwa kwenye mkaa maalumu wa kuchujia. Mkaa nao hujaa. Katika mtambo wa matangi mawili yanayofuatana, pima maji yanapotoka tangi la kwanza: RDX ikionekana hapo, badilisha mkaa wakati tangi la pili bado linafanya kazi.