Picha za Kale za Nebraska: Tusome Kapsheni Kabla ya Kushea

Jamani, ile picha ya familia ya watu weusi waliokaa mbele ya nyumba ya udongo, inayozunguka kwenye magrupu na maneno "watumwa wa Marekani", naomba tuirudishie kapsheni yake, yaani maelezo yake ya kweli. Kitengoni kwetu, tunakojibu watu kuhusu picha za kale, maswali na malalamiko juu yake yamezidi. Hiyo ni familia ya Shores, karibu na Westerville, kaunti ya Custer, jimbo la Nebraska, Marekani, imepigwa 1887. Utumwa Marekani ulikomeshwa 1865. Jerry Shores aliwahi kuwa mtumwa kweli, ila siku hiyo alikuwa mtu huru kwenye makazi yake, sasa wewe ukimwandika mtumwa unamrudisha alikotoka.

Aliyeipiga ni Solomon Butcher. Alianza 1886 kuzunguka na gari la farasi nyumba hadi nyumba, anawapiga picha walowezi wa Custer waliofuata ardhi ya serikali, kwa sheria ya 1862 iliyompa mtu ekari 160 akiishi na kulima pale miaka 5. Miti ilikuwa adimu kwenye zile mbuga, kwa hiyo walikata udongo na mizizi yake kwa plau wakaupanga kama matofali, ndio nyumba unayoiona. Iangalie picha ya familia ya Rawding: wametoa meza nje, tikiti limekatwa liko juu yake, na nyuma ng'ombe anaonekana kama kasimama juu ya paa kwa sababu nyumba imechimbiwa kwenye kilima. Hakuna aliyeediti hapo, msituandikie tena kuhusu huyo ng'ombe.

Lakini pia msidhani picha ikiwa ya kale basi haijaguswa. Iko ya mzee Finch anaonyesha alivyopigana na nzige mwaka 1876, nayo ilipigwa miaka mingi baadaye, nzige wenyewe Butcher aliwaongezea kwa mkono. Kapsheni ya hifadhi inayoitunza inasema wazi kwamba ni maigizo, ila watu wakishaikata kapsheni inabaki "ushahidi".

Nyumba ya Butcher iliungua 1899, negativu zake za vioo, yaani vile vioo alivyopigia picha, zikapona kwa sababu zilikuwa kwenye ghala la nafaka, leo zipo zaidi ya 3,000 kwenye hifadhi ya historia ya jimbo, mjini Lincoln. Zilipokuja kuskaniwa na kuongezwa mwanga, milango iliyokuwa giza tupu ikaanza kuonyesha vitu vya ndani. Vilikuwemo kwenye kioo tangu siku ya kwanza! Hiyo ni tofauti kabisa na programu za akili bandia, ambazo zinakubunia uso na rangi ya gauni ambayo hakuna aliyeiona, halafu unaambiwa picha "imesafishwa".

Sasa hakimiliki, na hapa tuelewane, maana kila siku narudia. Kwamba picha ni nyeusi na nyeupe haimaanishi haina mwenyewe. Za Butcher ziko huru, yaani hazina tena hakimiliki, alifariki 1927 na miaka 70 ya ulinzi baada ya kifo imeshapita. Picha nyingine za Marekani zilizochapishwa zamani zinaweza kulindwa hadi miaka 95 tangu zichapishwe, na ambazo hazijawahi kuchapishwa na mpigaji hajulikani ni miaka 120 tangu zipigwe. Ukikiuka, na kazi ilisajiliwa kwa wakati, mahakama ya kule inaweza kukutoza dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi moja, na ikithibitika ulikusudia inafika 150,000. Kwa kila kazi, sio kwa kesi nzima, watu huwa wanasahau hapo. Halafu hata ikiwa huru, taasisi inaweza kukutoza ada ya kopi kubwa na kukusainisha masharti ya matumizi, kwa hiyo soma fomu yote kabla ya kulipa.

Ukitaka kushea, tafuta kwanza rekodi kwenye tovuti ya taasisi, nakili namba ya picha, jina, mahali, mwaka na taasisi inayoihifadhi, vyote vitano. Kama umeiongezea rangi, andika. Usipoiona rekodi andika "chanzo hakijathibitishwa", au subiri.

Na kama ulishaposti ile ya kwanza, usiifute. Ingia uhariri maneno: familia ya Shores, karibu na Westerville, Nebraska, 1887.