Buibui wa Ndani ya Mwanzi

Katika misitu ya Malaysia, mwanzi ulioanguka huwa makazi. Wadudu hutoboa pingili zake, mvua huzijaza maji, na mbu hawakawii kutaga mayai humo. Humo humo anaishi buibui mdogo ambaye wataalamu humwita Paracyrba wanlessi. Jenasi ya Paracyrba, yaani kundi la spishi za karibu alimowekwa, ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1996, na spishi yake inayojulikana ni huyo mmoja tu.

Ni wa familia ya buibui warukaji, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote za buibui: spishi zaidi ya 6,000. Bila shaka umemwona mmojawapo ukutani kwako, yule mfupi mwenye manyoya anayegeuka kukutazama ukimsogelea. Hategi utando. Huwinda kwa macho, hunyemelea, kisha huruka.

Kinachonivutia kwa huyu wa kwenye mwanzi ni mlo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulimpa nafasi ya kuchagua kati ya mbu na mawindo mengine. Alichagua mbu mara nyingi zaidi, awe kiluwiluwi, pupa (hatua kati ya kiluwiluwi na mbu kamili) au mbu mzima. Hata buibui waliokuwa wakilishwa chakula kisicho na mbu walichagua mbu. Hata kiluwiluwi alipowekwa pakavu, mahali ambapo kwa kawaida hapatikani, bado alipendelewa kuliko mawindo mengine.

Ila huyu hajali ni mbu wa aina gani. Anayejali yuko kwetu, kandokando ya Ziwa Victoria, nchini Kenya na Uganda. Jina lake ni Evarcha culicivora, na mengi tunayoyajua juu yake yametokana na utafiti uliofanyika Mbita, mji wa Kenya ulio kando ya ziwa hilo. Yeye hutafuta mbu jike aliyeshiba damu, kwa kuwa hana mdomo wa kufyonza damu kutoka kwetu moja kwa moja. Huishi hata majumbani. Tafadhali usimfagie, na chandarua usikiache, kwani buibui peke yake hawezi kukukinga na malaria.

Watoto wake, wadogo mno, humtambua mbu wa Anofelesi, yule anayeeneza malaria, kwa mkao: akitua, kichwa huwa chini na sehemu ya nyuma imeinuka. Kisha humzunguka na kumvamia kutoka nyuma, chini ya tumbo lililoinuliwa.