Si Uganda, jamani: Joseph Chamberlain na anayosingiziwa

Juzi mzazi mmoja alinifuata nje ya darasa, hapa Eldoret, uso umemwangaza kama aliyeokota almasi. "Mwalimu, kumbe Chamberlain alitaka kuwapa Wayahudi Uganda!" Nikamwambia atazame chini, pale alipokanyaga. Hakunielewa.

Nafundisha historia, na neno hilo "Uganda" nimelikata kwa wino mwekundu kwenye insha zisizo na idadi. Ardhi iliyozungumziwa ni uwanda wetu huu wa Uasin Gishu, yapata kilomita za mraba 13,000, ambao leo uko Kenya. Wanafunzi siwalaumu sana, maana aliyeanzisha mkorogo ni Chamberlain mwenyewe. Desemba 1902, akiwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alishuka Mombasa njiani kwenda Afrika Kusini, akapanda gari moshi kwenda bara. Reli ile iliitwa Reli ya Uganda, ingawa kutoka Mombasa hadi Kisumu hakuna taruma hata moja lililolala Uganda ya leo. Zaidi ya hapo, nchi yote kuanzia Naivasha hadi Ziwa Victoria ilikuwa jimbo la mashariki la Uganda mpaka Aprili ya mwaka huohuo, ilipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye. Miezi minane tu imepita, waziri anapita dirishani anaona vilima vya kijani na baridi ya kumfaa Mzungu. Kwake hiyo ni Uganda. Aprili 1903 akamwambia Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, kwamba safarini ameiona nchi itakayowafaa: pwani ni joto, lakini ndani hali ya hewa ni nzuri. Akaitaja Uganda. Herzl akaandika kwenye shajara yake, na jina likanasa.

Ndiyo maana huwa nasema, hadi wanafunzi wananiigiza: ukishika ramani ya enzi ya ukoloni, soma mwaka wake kabla hujasoma jina lolote.

Halafu kuna hilo neno "kuwapa". Chamberlain hakuwa na cha kutoa. Himaya ya Afrika Mashariki haikuwa chini ya wizara yake. Ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje hadi 1905. Barua ya Agosti 1903 iliyowapelekea Wazayuni pendekezo hilo ilitoka huko, na ilijaa masharti: watu waje kwanza waikague ardhi, na hata wakiikubali, Uingereza ibaki juu yao. Wanandi waliokuwa wakiishi na kuchunga huku hawakuulizwa, wala Wamaasai ambao jina Uasin Gishu ni lao. Waliosikika ni walowezi wachache, Lord Delamere akiwa mbele, na wao walipinga kwa sababu zao. Kwenye mkutano wa Wazayuni mjini Basel kura zilikuwa 295 dhidi ya 178, na watu husoma hapo wakidhani mpango ulikubaliwa. Kura hiyo ilikuwa ya kutuma wakaguzi tu. Wakaja watatu mwanzoni mwa 1905, na mwaka huohuo mkutano uliofuata ukakataa. Uwanda ulikuja kukaliwa na Makaburu kuanzia 1908, na mji wetu ukaota kwenye shamba namba 64. Wazee wanaouita Sisibo hadi leo wanatamka namba hiyo kwa Kiingereza, "sixty-four".

Mengine nayapitia haraka. Chamberlain hakuwa Waziri Mkuu, hata siku moja. Anayekumbukwa kwa mwavuli na mapatano na Hitler ni mwanawe, Neville. Baba ndiye wa kioo cha jicho moja na ua la okidi kifuani, na alifariki Julai 1914, kabla hata ya vita vya kwanza. Tena hakuanza siasa kama Mhafidhina. Alikuwa Mliberali mkali, tajiri wa skrubu ambaye hakusoma chuo kikuu. Akiwa meya wa Birmingham, 1873 hadi 1876, alinunua kampuni za gesi na za maji zikawa mali ya mji. Aliwaacha Waliberali 1886 kwa kupinga Ireland kupewa bunge lake, na ndipo akajikuta upande wa Wahafidhina.

Kuna pia wanaodai ndiye aliyebuni ile "mashine" ya kura ya Birmingham, yaani mpangilio wa chama wa kugawa kura za wafuasi wake. Aliikuta. Mji ulikuwa na viti vitatu bungeni, lakini kila mpiga kura alikuwa na kura mbili tu. Waliberali wote wakiwamwagia kura wagombea wao wawili wanaopendwa zaidi, wa tatu anaanguka na mpinzani anapenya. Basi 1868 chama kikaigawa kata: hii ichague wa kwanza na wa pili, ile wa pili na wa tatu, nyingine wa kwanza na wa tatu. Viti vyote vitatu vikaja. Wakenya mliozoea kuhimizwa mpigie chama kimoja kura zote sita, hapo mnapaelewa kuliko Waingereza wengi wa siku zile. Alichofanya Chamberlain ni kuutoa mpangilio huo Birmingham na kuusambaza, kupitia shirikisho la kitaifa la Waliberali la 1877.

Na wale wanaomwita fundi wa kujenga vyama wahesabu tena. Baada ya kuwapasua Waliberali, 1903 alianza kampeni ya kutoza ushuru bidhaa za nje na kupendelea za makoloni, akawapasua na Wahafidhina. Uchaguzi wa 1906 upande wake ulibaki na viti 157 nchi nzima. Birmingham wakati huo ilikuwa na viti saba. Alivichukua vyote saba. Julai ya mwaka huo, siku chache baada ya kutimiza miaka 70, kiharusi kikamwangusha.