Kunakili si kughushi

Jumapili iliyopita mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Majengo, Moshi, aliingia sebuleni, akaikazia macho kanvasi niliyoiegemeza ukutani, akasema, "Kumbe unajua kughushi hivi!" Alikuwa ananisifu. Ni mtu wa tatu mwezi huu, kwa hiyo ngoja niseme.

Kunakili picha ni kuichora upya kwa mkono kazi ya mwingine, ukiwa umeiweka mbele yako, ili ujue aliifanyaje. Basi.

Tatizo ni lile neno jingine. Nakili na nakala yametoka kwenye Kiarabu naqala: kuhamisha kitu, kukibeba kutoka hapa hadi pale. Ghushi nalo asili yake ni Kiarabu, ghashsha, yaani kudanganya. Ndilo linalomfaa muuza maziwa anayeongeza maji. Mmoja anabeba, mwingine anaficha. Na tofauti hiyo tunaijua vizuri sana tukiwa na bahasha mkononi: tangazo la kazi linadai nakala za vyeti na hakuna anayeshtuka, ila cheti cha kughushi kinakufikisha mahakamani. Sijui kwenye picha tunapotelea wapi. (Wanaosema nadesa, hao ndio kabisa. Anayedesa, yaani anayeiba jibu la mwenzake, hana haja ya kujua jibu limepatikanaje. Mimi nimekaa wiki mbili kwenye kiwiko kimoja.)

Kiwiko chenyewe ni cha yule mwanafunzi wa kushoto katika Chakula cha Emau, picha ya mchoraji wa Italia, Caravaggio, ya 1601, iliyoko kwenye jumba la picha la National Gallery, London. Ndiyo kwanza amemtambua Yesu, anasukuma kiti ainuke, na koti lake la kijani limechanika pale kiwikoni, nguo nyeupe inachungulia. Nilipaka nyeupe tupu, ikawa bandeji. Nikakwangua, nikarudia, bandeji tena. Siku nilipokubali kwamba "nyeupe" ile karibu yote ni kijivu, na nyeupe yenyewe ni mguso mmoja tu wa brashi, ndipo koti likachanika. Hilo limehama kutoka kwake kuja kwangu. Na kila kosa lilinigharimu siku kadhaa, maana rangi hii ya mafuta si ile ya milango inayouzwa hadwea. Mafuta yake ya kitani hayakauki kwa kupotea kama maji, hugandishwa na hewa, na baridi ya Julai hapa Moshi haina haraka.

Wala si kazi ya wanaoanza tu. Rubens, mchoraji aliyekwisha kuwa na jina kubwa, alishavuka miaka 50 alipokuwa Madrid, 1628 hadi 1629, akanakili Adamu na Hawa, picha ya Titian, mchoraji aliyemtangulia, na kasuku akamwongeza mwenyewe. Leo picha zote mbili ziko Prado, jumba la makumbusho la hukohuko Madrid. Kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris, wanaonakili wameruhusiwa tangu 1793, ila nakala isilingane ukubwa na ya asili.

Ningeandika "Caravaggio" kwenye kona na kumuuzia mtu asiyejua, hapo ningekuwa nimeghushi, na hata kama kiwiko kingekuwa kibovu bado ningekuwa nimeghushi.

Kwa hiyo mama yangu, shikamoo, na sifa nimeipokea kwa mikono miwili. Ukipita tena igeuze nyuma: nimeandika "Nakala ya Caravaggio", jina langu, na mwaka. Hilo la kwanza ndilo neno lake.