Je, wajua kwa nini friji ya karavani haitaki mteremko?

Saa mbili usiku mwezi Julai, jua likiwa bado juu, karavani, yaani nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari, huingia moja baada ya nyingine kwenye kambi za Lake Diefenbaker, katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada. Ziwa hili ni la kutengenezwa. Bwawa la Gardiner lilikamilika mwaka 1967, likauzuia mto South Saskatchewan, na maji yakajaza bonde kwa urefu wa kilomita 225 hivi. Ndiyo maana viwanja vingi vya kambi vimeinama kuelekea majini. Dereva anashuka, na kabla ya kutoa kiti au kuwasha moto wa kuni anachomoa pima maji, ileile ya fundi mwashi yenye kipovu ndani ya kioo. Anaiweka sakafuni, anatikisa kichwa, anaanza kupanga vipande vya mbao mbele ya tairi. Jirani yake aliyekuja na hema amekwisha kula na kulala, kichwa upande wa juu wa mteremko.

Kwa nini mwenye karavani anahangaika hivyo?

Jibu la haraka ni kwamba hataki kulala ameinama. Mwandishi wa makala haya aliliamini jibu hilo kwa muda mrefu, na haikuwa ajabu, maana ushahidi wake unaonekana kwa macho. Karavani ikiinama, mlango wa bafu hujifungua wenyewe, mayai huogelea upande mmoja wa kikaango, na maji ya kuoga hukusanyika kwenye kona isiyo na tundu. Kwa hiyo mtu anajilaza kitandani, akiona hateremki anasema panatosha, anakwenda kuvua samaki.

Tatizo ni kwamba kitanda ni kipimo kibaya. Mwili wa binadamu huvumilia digrii mbili au tatu bila kulalamika, na ukiweka kichwa upande wa juu huenda usijue kabisa kwamba kuna mteremko. Asiyevumilia ni friji. Tena hailalamiki papo hapo: hukaa kimya, hupoteza ubaridi polepole, na siku ya pili maziwa yakichacha lawama huiangukia gesi, joto la mchana, au watoto wanaofungua mlango kila baada ya dakika tano. Wengine hujitetea kwamba friji ya nyumbani imeegemea ukuta miaka kumi na bado inagandisha. Ni kweli, lakini hizo ni mashine mbili tofauti zilizofanana milango tu. Ya nyumbani ina kompresa, yaani pampu ya mota inayosukuma gesi kwa nguvu, na pampu haijali sana kama imeinama. Friji ya jadi ya karavani haina kompresa, haina feni ya lazima, haina kitu chochote kinachozunguka. Ina moto mdogo wa gesi nyuma yake, mkubwa kidogo kuliko wa kiberiti, na moto huo ndio unaogandisha barafu.

Sentensi hiyo huwashinda wengi. Wapo wanaodhani kwamba gesi huendesha jenereta ndogo iliyofichwa, kisha umeme ndio unaopoza. Hakuna jenereta. Wasomaji waliowahi kufika kwenye zahanati za vijijini Afrika Mashariki miaka ile ya friji za mafuta ya taa wameshaiona mashine hii: friji ya chanjo yenye utambi chini yake, ambao usipokatwa vizuri hutoa moshi badala ya mwali wa buluu. Ni ukoo mmoja. Mfumo huu ulibuniwa Stockholm mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa uhandisi, Baltzar von Platen na Carl Munters, na kampuni ya Electrolux ikaununua na kuusambaza. Albert Einstein naye, pamoja na Leo Szilard, walipata hataza ya friji isiyo na mota miaka michache baadaye. Wapo wanaosema kwamba friji ya karavani ni ya Einstein. Si yake.

Sasa, moto unapozaje? Anza na pamba yenye spiriti ambayo nesi hukupaka kabla ya sindano. Spiriti haikutoka kwenye barafu, lakini ngozi husikia baridi, kwa sababu spiriti inapogeuka mvuke hubeba joto la mwili wako. Mtungi wa udongo hufanya hivyohivyo: maji hupenya kwenye udongo, hukauka kwa nje, na yaliyobaki ndani hupoa. Friji hii nayo hukausha kitu ili kupoza, ila badala ya maji hutumia amonia, ambayo katika hewa ya kawaida huchemka kwenye nyuzijoto 33 chini ya sifuri.

Lakini ndani ya mabomba hayo hakuna hewa ya kawaida. Mfumo umefungwa na kuchomelewa kiwandani ukiwa na shinikizo zaidi ya mara ishirini ya lile la nje, na kwa shinikizo hilo amonia hukaa kimiminika bila shida. Itakaukaje basi? Hapo ndipo pana ujanja ninaoupenda kuliko yote katika mashine hii. Fikiria nguo zilizoanikwa Dar es Salaam wakati wa masika na nyingine zilizoanikwa Dodoma wakati wa kiangazi. Tofauti kubwa ya kasi ya kukauka haiko kwenye shinikizo la hewa. Iko kwenye unyevu: hewa ya Dar imekwisha kushiba mvuke, ya Dodoma ina njaa. Von Platen na Munters walitia hidrojeni ndani ya mabomba ya kupoza. Hidrojeni ndiyo upepo mkavu wa Dodoma. Haina amonia ndani yake, kwa hiyo amonia inayochuruzika pale hukauka upesi na kuingia ndani yake, japo shinikizo la jumla halijapungua hata kidogo. Ikikauka hubeba joto la friza.

Upepo huo nao hushiba. Mchanganyiko wa hidrojeni na amonia ni mzito kuliko hidrojeni tupu, hivyo hushuka wenyewe hadi kwenye mabomba ya chini, ambako maji hutiririka. Maji huipenda amonia kupita kiasi na kuinywa yote. Hidrojeni hayaitaki. Ikibaki peke yake, nyepesi tena, hupanda kurudi juu kuchukua mzigo mwingine.

Kilichobaki ni kuitoa amonia ndani ya maji, na hiyo ndiyo kazi ya moto. Mwali huchemsha maji yenye amonia ndani ya kibomba chembamba kilichosimama, na mapovu ya amonia hupanda yakibeba vipande vya maji katikati yake. Umewahi kunywa soda kwa mrija hadi chupa ikaribie kwisha, ukavuta hewa na soda vikipokezana? Ndivyo ilivyo. Mapovu yenyewe ndiyo pampu. Maji yakifika juu hugeuka na kushuka kwenda kunywa amonia nyingine, na mvuke wa amonia huendelea hadi kwenye mapezi ya nyuma, yaani vibati vyembamba vya kutawanya joto, ambako hewa ya nje huupoza ukawa kimiminika, ukaanza safari upya.

Kinachopandisha kimiminika ni mapovu tu. Kwingine kote kimiminika hushuka kwa uzito wake, ndani ya mabomba yaliyolazwa kwa mteremko mdogo sana, kama mfereji wa kukinga mvua chini ya bati. Fundi akiukosea mfereji kidogo tu, maji hutuama katikati. Karavani ikiinama, mabomba ya friji hutuama vivyo hivyo. Kimiminika kinachotuama hakirudi kwenye moto. Kibomba cha mapovu kinakauka, mwali unaendelea kuchoma chuma kitupu, na, kama kwa makusudi ya kukomoa, friza ikipata joto kipima joto chake kinaagiza moto zaidi. Ndani ya maji yale kuna kromati ya sodiamu iliyowekwa kuzuia kutu. Joto likizidi, chumvi hiyo huganda kuwa chembe ngumu na kuziba kibomba. Ukiisawazisha karavani kesho yake, chembe haziyeyuki. Madhara hujumlishana, kambi hii kidogo, ile kidogo, hadi friji ifie mahali palipo sawa kabisa na mwenyewe asielewe ni lini aliiua.

Barabarani, kwa upande wa kimiminika, hakuna shida, kwa kuwa mtikisiko haukiruhusu kutuama. Shida ni kuegesha. (Mwali wenyewe ni suala jingine: lazima uzimwe kabla ya kuingia kituo cha mafuta.)

Kosa la pili limejificha ndani ya lile la kwanza la kupimia kitandani, na hata wazoefu hulifanya. Miongozo ya friji hizi kwa kawaida huruhusu digrii 3 kushoto na kulia, na digrii 6 mbele na nyuma. Swali ni kushoto kwa nani? Ni kwa mtu anayeitazama friji. Karavani nyingi zina friji iliyoupa mgongo ukuta wa ubavuni, kwa hiyo ubavu wa friji ni urefu wa karavani. Mwelekeo wenye uvumilivu mdogo ndio ule ambao watu huupuuza, hasa wanaolala usiku mmoja bila kufungua karavani kwenye gari, pua ikiwa imeinuliwa juu.

Hesabu yake ni hii. Kutoka ekseli hadi jeki ya mbele ya karavani ya wastani ni kama mita 4.5, na digrii 3 hapo ni sentimita 24 hivi. Kati ya tairi za kushoto na za kulia ni mita 2, na digrii 6 ni sentimita 21. Ubavuni sentimita 21 hakuna anayezivumilia, maana atadondoka kitandani. Puani sentimita 24 zinapatikana bila mtu kuona.

Kwa hiyo pima maji iwekwe kwenye sakafu ya friza, mara mbili, kwa urefu na kwa upana. Ubavu husawazishwa kwanza, karavani ikiwa bado imefungwa kwenye gari: panga mbao za unene wa sentimita 2.5 upande wa chini na uzipande kwa tairi, na kama kuna ekseli mbili, tairi zote mbili za upande huo zipande. Tairi ikae nzima juu ya ubao, isining'inie pembeni. Tia kabari kwenye tairi za upande wa pili ndipo ufungue gari, kisha nyanyua au shusha pua kwa jeki ya mbele. Jeki za pembe nne huja mwisho, na kazi yake ni kuzuia mtikisiko tu. Anayezitumia kuinulia karavani hupinda fremu, na hujua siku mlango unapogoma kufunga.

Washa friji siku moja kabla ya safari, kwa sababu huchukua saa nane au zaidi kupoa, na uingize vyakula vilivyokwisha kupoa. Kwenye kambi za miji midogo, ambako unajaza bahasha ya ada mwenyewe na kuitia kwenye kisanduku, kwa kawaida kuna nguzo yenye soketi ya umeme, na friji hutumia kipasha joto cha umeme badala ya mwali. Pasipo nguzo, mtungi wa kilo 9 ukihudumia friji peke yake hufika siku 11 au 12 za kuwaka mfululizo. Adui wa friji kwenye nyanda za Saskatchewan ni upepo, unaoingia kwenye tundu la chini la nje na kuzima mwali. Jua la magharibi nalo, likipiga upande wenye mapezi, huishinda friji, kwa kuwa uwezo wake ni kushusha nyuzi ishirini na kidogo tu chini ya joto la nje. Mwali uwe wa buluu. Ukiwa wa njano, angalia kutu iliyodondoka kutoka kwenye dohani, au utando wa buibui ndani ya kichomeo. Husemwa kwamba buibui huvutwa na harufu inayotiwa kwenye gesi. Utando upo kweli, sababu yake ni ya kusadiki zaidi kuliko ya kupimwa. Nozeli, yaani kitundu kinachotoa gesi, ioshwe kwa spiriti na isichokonolewe kwa sindano, kwani tundu likipanuka gesi huzidi.

Je, friji iliyokwisha kuziba hufufuka ikigeuzwa juu chini? Tiba hii ni maarufu kambini: huchomolewa, hulazwa kichwa chini kwa saa kadhaa, hurudishwa. Kama kilichokwama ni kimiminika kilichojitenga, kugeuza kunaweza kukichanganya tena, na wapo wanaoapa kwamba kumewasaidia. Waliogeuza bila mafanikio ni wachache wanaosimulia. Chembe zilizoganda hazitoki kwa kugeuzwa. Na ukiona unga wa njano nyuma ya friji, au ukisikia harufu kali ya amonia, mfumo umepasuka: zima, funga mtungi, fungua madirisha, na usiwashe tena, maana pamoja na amonia kuna hidrojeni inayotoka karibu na mahali pa mwali.

Karavani mpya nyingi sasa zinakuja na friji ya kompresa ya volti 12, inayovumilia kuinama hadi digrii 30 hivi. Hizo hazidai pima maji, zinadai betri, na betri moja bila paneli ya sola kwa kawaida haimalizi siku mbili.