Kurekebisha mfumo endeshi si kupiga Windows upya

Kompyuta inawaka, nembo ya mtengenezaji inatokea, kisha inagoma: skrini ya bluu, inajizima, inaanza tena. Papo hapo utasikia, "Windows imekufa, ipigwe upya." Inapigwa, na mwenye mashine anaambiwa kompyuta yake imerekebishwa. Picha zake hazipo, kazi zake za miaka hazipo, lakini eti imerekebishwa. Hapana.

Kurekebisha mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, kama Windows, ni kutafuta kilichoharibika ndani yake na kukirudisha katika hali yake, huku programu na faili za mwenyewe zikibaki zilipo. Kupiga upya ni kuweka mfumo mwingine mahali pa ule wa awali. Kufomati ni kufuta sehemu ya diski ili ianze tupu. Kwa kuwa hayo mawili ya mwisho mara nyingi hufanywa pamoja, watu wameyatia yote matatu kwenye kapu moja.

Mfumo hauamki kwa mkupuo. Kwanza UEFI (au BIOS kwenye mashine za zamani), programu iliyomo ndani ya mashine yenyewe, hukagua vifaa, halafu humwachia kazi kipakizi, programu ndogo inayojua mfumo uko wapi kwenye diski. Kipakizi huita kiini, yaani moyo wa mfumo, kiini huita draiva (programu za kuendeshea vifaa) na huduma, ndipo unapoona mahali pa kuandika nywila. Kama hata nembo haitokei, mfumo endeshi haujafikiwa bado, na kuulaumu ni kuuonea. Ukiona maneno "BOOTMGR is missing", huenda kilichoharibika ni kipakizi peke yake na Windows nzima iko salama nyuma yake; amri ya bcdboot inaweza kuandika upya faili hizo za kuwashia. Kufomati hapo ni kubomoa nyumba kwa sababu ufunguo umevunjikia kwenye kitasa.

Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima ililiona jambo hili. Sasisho lenye kasoro la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows ambazo Microsoft ilikadiria kuwa milioni 8.5. Ndege zilikwama, hospitali zikaahirisha kazi. Dawa ilikuwa nini? Kuingia kwenye hali salama (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu) au mazingira ya urejeshaji (mfumo mdogo wa kurekebishia unaowaka badala ya Windows), kufungua folda ya draiva za CrowdStrike, kufuta faili ambayo jina lake linaanza na C-00000291, kuwasha tena. Faili moja! Palipokuwa na BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa siri, ilibidi kwanza kuandika ufunguo wa tarakimu 48, na hiyo ndiyo iliyochosha watu. Huko ndiko kurekebisha.

Najua jibu linalofuata: "Nilijaribu sfc /scannow, ikashindwa, ndiyo maana nikafomati." Hiyo ni amri ya kukagua na kurekebisha faili za Windows. Lakini iliandikwa wapi? Mazingira ya urejeshaji hujiendesha kwenye diski ya muda iitwayo X, kwa hiyo amri hiyo fupi hailengi Windows iliyogoma. Lazima uielekeze: sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows. Na kabla ya hapo uhakikishe C ndiyo yenyewe, maana humo herufi hubadilika na Windows yako ikaonekana kwenye D. Wengi hukata tamaa hapa, wakati amri haijaigusa hata faili moja iliyoharibika.

Kwenye Linux mambo ni yale yale: unawasha kwa flashi, unaingia kwenye mfumo uliolala, unarudisha GRUB, kipakizi chake. Diski yenyewe ikiwa inakufa, hilo ni suala jingine. Nakili faili kwanza, amri za kurekebisha zisubiri, kwa sababu ukaguzi mrefu unaweza kuimaliza.

Kupiga upya kuna wakati wake. Virusi vikiuvamia mfumo kiasi cha kutouamini tena, mimi mwenyewe ningeshauri upigwe, baada ya faili kuhifadhiwa pembeni. Ila tuite kwa jina lake. Ukimkabidhi mtu mashine iliyogoma, muulize kabla hajaanza: unairekebisha au unaipiga upya? Na kama wewe ndiye mwenye kazi na umeshaifuta diski, mwambie mwenyewe kwamba umeipiga upya.